Danieli Ni Mimi

Jumatatu, 3 Juni
Danieli ni mimi! Kwaya yetu inatengeneza filamu ya nyimbo, Danieli wa siku hizi: karani anakataa kughushi hesabu za bosi, anatupwa kwenye ua wa mbwa badala ya simba. Nafasi alikuwa nayo shemeji, kaka wa mke wangu, mwenye sauti nzito na maringo mazito zaidi. Nikamnong'oneza mwongozaji kwamba shemeji akiona mbwa huzimia. Uongo mtupu. Anayezimia ni mimi. Nikaongeza kwamba mimi nimekua na mbwa nyumbani. Nilidhani mbwa wa filamu watachorwa kwa kompyuta.

Jumanne, 4 Juni
Mbwa ni wa kweli! Wanne, walinzi wa ghala la mbao. Yule mwenye sikio lililochanika alinitazama, nikajifanya nafunga kamba ya kiatu. Mungu wangu, mdomo umeniponza. Nikighairi, shemeji atanicheka mpaka uzeeni.

Usiku chakula hakikupita. Nikamwambia mke wangu naingia kwenye uhusika. Akasema Danieli alikula mboga tu, akaondoa nyama kwenye sahani yangu. Nyama! Hapo akili ikafunguka. Mbwa aliyeshiba hamng'ati mtu.

Alhamisi, 6 Juni
Jana na leo nimewarushia nyama juu ya uzio, macho nimeyafumba. Mlinzi wa ghala anasema wameshanizoea, wakinisikia tu wanaruka. Wanaruka! Jasho jembamba linanitoka hata sasa.

Jumamosi, 8 Juni
Siku ya kurekodi. Wimbo tulishauimba studio, hapa kazi ni kufungua mdomo na kutulia. Nikaingia uani, roho mkononi. Lango la mbwa likafunguliwa.

Kwao, mwenye nyama kaja! Wote wanne wakanijia mbio, ndimi nje. Sikumbuki nilivyopanda. Najua tu nilikuwa juu kabisa ya rundo la mbao, namwita mama yangu, huku spika ikitoa sauti yangu mwenyewe, tulivu kabisa: siogopi, siogopi. Shemeji akaingia polepole, akawakuna masikio. Wakalala miguuni pake. Wasaliti, na nyama yangu yote ile!

Jumapili, 9 Juni
Mwongozaji kafurahi! Anasema kilio kama changu hakifundishiki. Shemeji karudishiwa Danieli. Mimi ni yule mchongezi aliyemsingizia Danieli, anayetupwa kwa mbwa mwishoni. Anasema nafasi imenikaa kama nguo ya kupimwa. Mke wangu kacheka mpaka machozi, eti mchimba kisima huingia mwenyewe. Sijui kisima kimeingiaje hapa.

Filamu ijayo ni Petro akitembea juu ya maji. Bwawa la kuogelea, lenye kina kirefu. Shemeji kaahidiwa Petro. Baada ya ibada nimemnong'oneza mwongozaji kwamba shemeji akiona maji huzimia. Mimi, nikasema, nimekulia majini.

Jioni nimejaribu kutumbukiza uso kwenye beseni. Nusura nife. Lakini si hata Petro mwenyewe alizama kidogo?