Sauti ya Mzee Eustace Ndani ya Redio Yangu

Maisaka, Babati
12 Machi 1984

Ndugu Balozi wa Nyumba Kumi,

Shikamoo. Natumaini u mzima na mahindi yanaendelea. Sisi hatujambo, ila tumechoka, na sababu ni waya.

Unaujua ule waya wa jirani yangu Mzee Eustace, uliotoka kwenye mlingoti hadi kwenye mkaratusi. Ana kibali cha kuongea na marafiki wa mbali kwa mitambo yake ya redio, nami simkatazi mtu kuwa na marafiki. Lakini kila akifungua kinywa, sauti yake inaingia ndani ya redio yangu. Naomba waya ushushwe, kwa sababu hizi:

1. Mume wangu Damiani alikwenda Tabora kwenye tumbaku tangu kabla ya Krismasi, na barua hazifiki. Aliahidi kututumia salamu redioni Jumapili. Sasa mtangazaji akianza tu, "Huyu anawasalimu jamaa zake wa Babati...", Mzee Eustace huyo: "Nakupata vizuri, ndugu yangu! Mbuzi hawajambo?" Mpaka mbuzi waishe, salamu zimepita. Sijui kama mume wangu ni mzima, lakini mbuzi wa watu nawajua wote.

2. Betri hazipatikani. Hizi zangu nazianika juani kama mihogo ili zipate nguvu. Si haki ziishe kwa kumbeba Mzee Eustace.

3. Mwanangu Ursula, aliyeanza kusema juzi tu, nikimwita haji. Anajibu, "Nakupata, mama."

4. Hili ni la usalama wa taifa. Alhamisi, katikati ya taarifa ya habari, redio ilisema wazi: "Sukari imefika! Hongereni sana!" Mzee alikuwa anampongeza rafiki yake, maana ni huko kwao ilikofika. Lakini Mama Wilhelmina alikuwa kwangu, akatoka mbio: "Jamani, redio imesema!" Maisaka nzima ikapanga mstari dukani mpaka jioni. Mwenye duka akaapa kwamba hana hata punje, akaambiwa, "Wewe unabishana na redio?" Nawe, Ndugu Balozi, nilikuona mbele kabisa, na kikapu.

5. Kwa mwendo huu kesho atatangaza kwamba kodi imefutwa, nasi tutatii. Kama waya haushuki, basi apewe wizara, tujue anafanya kazi ya nani.

Simchukii. Ni mzee mwema, watoto wangu wanamwita babu. Lakini waya ushuke kabla ya Jumapili.

Nakuaga kwa heshima. Nisalimie Mama Mektilda, watoto, na wote tuliosimama nao mstarini.

Jirani yako,
Evangelina, Mama Rosa

N.B. Nilipokuwa nafunga bahasha, Mzee Eustace alibisha hodi. Kumbe siku zote ananisikia nikiigombeza redio kwa kunikosesha salamu za Damiani. Akamwomba rafiki yake mmoja aliye Tabora amtafute, na amempata. Malaria ilimlaza, sasa anatembea, na anauliza watoto wanakula nini. Ndugu Balozi, waya usiguswe. Atakayekuja kuukata atanikuta nimekaa chini ya mlingoti, na wanangu wote wawili mapajani.