Koti Jeupe la Sukari

Waliomjua walimwita Sukari. Aliowaliza walimwita mengine, yasiyosemeka mbele ya wakwe. Asubuhi hiyo alikuwa kwenye benchi la kliniki, haumwi kitu ila njaa, katega sikio kumsikiliza nesi akizungumza na mama mmoja, fundi cherehani aliyefiwa na mumewe, juu ya vidonge vyake vya sonona, amitriptilini.

“Mdomo unakauka, nesi. Usingizi unanizidi, na huzuni iko palepale.”

“Vinachukua wiki kadhaa, mama. Kunywa usiku kama tulivyokuandikia. Usizidishe, usikatishe ghafla, usichanganye na pombe, na usimpe mtu. Moyo ukienda mbio, njoo mara moja.”

Sukari hakusikia maonyo, alisikia biashara. Vidonge vile mtaani vingeuzika kama dawa ya usingizi. Akamfuata mama hadi kibandani kwake.

“Dada yangu, mimi ni daktari wa mizizi. Hivyo vitakukausha kama dagaa. Nipe nikavitupe, nikuachie unga huu wa kuondoa huzuni.”

Unga wenyewe ulikuwa pumba zilizokaangwa.

Mama alimpima kwa macho toka kichwani hadi miguuni. “Umejuaje, daktari? Jana nusura nivitupe mwenyewe.” Roho ya Sukari ikacheza ngoma. “Lakini daktari bila koti? Nikushonee jeupe, kesho nikukabidhi vidonge palepale kliniki, wenzangu waone. Benchi zima litakufuata.”

Benchi zima! Tamaa ikamfunga macho. Akavua saa yake ya mkononi, akaiacha iwe gharama ya kitambaa.

Kesho yake mama alimvika mwenyewe, akavishona vifungo kabisa kwa sindano na uzi, “visije vikafunguka.” Sukari akapita mjini kifua mbele. Watu walimpisha, wakatabasamu, wengine wakageuka kumtazama tena. Akawapungia mkono kwa huruma ya kitabibu.

Alipofika kliniki alianza kuhubiri mizizi. Mzee mmoja akamkatiza kwa upole: “Daktari, hebu tugeuzie mgongo.”

Mlinzi wa kliniki akausoma kwa sauti. Ulikuwa umetariziwa kwa uzi mwekundu: MIMI SI DAKTARI. DAWA YAKO MUULIZE NESI.

Sukari alihangaika na vifungo, havikufunguka. Mlinzi akamshika ukosi, wakangoja polisi, huku mama, aliyemfuata nyuma njia nzima, akicheka mpaka akashika mbavu.

“Vidonge vimeanza kufanya kazi?” nesi akamuuliza.

“Bado, mwanangu,” alisema, akifuta machozi na kutazama saa yake mpya. “Hiki kicheko ni cha yule daktari. Vidonge naendelea navyo.”