Barua 4,316 Ambazo Sijazisoma

Jumatatu, 4 Machi

Siku imeanza vibaya. Mama wa Utumishi kanikuta kwenye korido na kikombe changu cha chai, akaniuliza mbona hadi leo sijakubali. Kukubali nini? Akasema uhamisho wangu umekubaliwa wiki tatu zilizopita. Barua imetumwa kwenye kompyuta yangu. Nisipokubali kwa kujibu barua hiyohiyo kufikia Ijumaa saa kumi jioni, nafasi anapewa anayenifuata kwenye orodha. Kuituma upya hawezi, kila barua ya uhamisho ina namba yake na hutumwa mara moja tu.

Miaka miwili! Miaka miwili nalala peke yangu kwenye chumba cha kupanga, mke na watoto wako mji mwingine, nawatembelea mwisho wa mwezi kama mkaguzi. Kumbe ruhusa ya kurudi kwangu imelala mezani pangu muda wote huu.

Anayenifuata kwenye orodha ni Nadhifu, karani mwenzangu wa masjala. Jina lake silo hilo, lakini penseli zake kazipanga kwa urefu, na kompyuta yake haina hata barua moja ambayo haijasomwa. Yangu inazo 4,316.

Si uvivu, ni utaratibu. Katika ofisi hii mtu akikutumia barua pepe, baada ya dakika tano anakuja mwenyewe kukuuliza kama umeiona. Sasa nisome ya nini, na mwandishi yuko njiani? Sikufikiria kwamba Mama wa Utumishi yuko ghorofa ya nne na magoti yanamsumbua.

Jumanne, 5 Machi

Nimeamua kusoma zote, kuanzia chini. Tatizo: barua zangu hazifuati tarehe. Mwaka juzi nilibonyeza mahali zikajipanga kwa ukubwa, na kuzirudisha sijui.

Mtu katafuta funguo zake. Mtu huyohuyo kazipata. Mwaliko wa kumuaga mzee wa stoo. Kumbe alistaafu! Nilidhani ananikwepa.

Hadi jioni nimesoma sitini na moja. Macho yanawasha.

Mke wangu kapiga simu. Kauliza lile jambo limefikia wapi. Uhamisho nataka umshtue kwa furaha, kwa hiyo nikamjibu kwa mkato kwamba liko mbioni, Ijumaa litakuwa limekwisha. Akacheka vizuri. Muda mrefu sijamsikia akicheka hivyo. Nikalala na viatu.

Jumatano, 6 Machi

Akili mpya! Juu ya kioo kuna kisanduku cha kutafutia. Nikaandika "uhamisho". Zikaja mia tatu na ushei. Uhamisho wa mafaili kutoka chumba cha pili. Uhamisho wa viti. Uhamisho wa kabati, kisha malalamiko kuhusu uhamisho wa kabati. Sisi masjala kazi yetu ni kuhamisha vitu, na kila kitu kinachohama huandikiwa barua. Nimesoma habari za kabati lile mpaka nikalionea huruma.

Nadhifu kaniuliza kama nahitaji msaada. Aliniuliza kwa upole kabisa. Mjanja! Nikamwambia nasafisha tu kompyuta. Akasema mficha uchi hazai. Nikamjibu mimi ninao watoto wawili tayari, ahsante.

Alhamisi, 7 Machi

Sijui nilibonyeza nini. Ghafla maandishi mazito yote yakawa mepesi. Zisizosomwa: sifuri! Nikamwita Nadhifu aje ashuhudie. Akatazama, akashika kichwa, akauliza sasa ile unayoitafuta utaijuaje. Nikajifanya sikusikia. Kisha nikaiagiza kompyuta izirudishe zilivyokuwa. Haikukumbuka zilivyokuwa. Imezifanya zote hazijasomwa, hata zile nilizosoma kwa jasho langu. 11,902.

Nikapanda ghorofa nne kwenda kuomba huruma. Mama wa Utumishi kashangaa. Anasema barua yake niliijibu siku ileile: "Nimeisoma kwa makini na ninaifanyia kazi." Nikakumbuka. Januari niliiagiza kompyuta imjibu hivyo kila mtu, ili wasione nawadharau. Sentensi ni nzuri, nakiri. Lakini yeye anasema kuifanyia kazi si kukubali, anataka neno "nakubali". Nikashuka ghorofa zote nne nikijilaani.

Ijumaa, 8 Machi

Saa tisa na nusu. Nimebakiza nusu saa. Nikawaza wanangu wakihesabu mwisho wa mwezi kwa miaka mingine miwili. Niseme kweli, machozi yalinilengalenga.

Nadhifu akasimama, akavuta kiti, akaninyang'anya kipanya. Akabonyeza mahali, barua zikafuata tarehe. Akabonyeza pengine, zikabaki za Utumishi tu. Hii hapa! Hata chai isingepoa. Nimeandika "nakubali" saa tisa na dakika hamsini na mbili.

Nikamwuliza kwa nini kanisaidia. Akasema kule ndiko anakoishi mama mkwe wake, mlango kwa mlango na nyumba za watumishi. Kuomba uhamisho alilazimishwa na mkewe. Wiki nzima hajapata usingizi. Akanikumbatia kwa nguvu mpaka penseli moja ikaanguka, na hakuiokota.

Jumapili, 10 Machi

Mlango umegongwa saa nne asubuhi. Mke wangu! Na watoto. Na magodoro mawili, sufuria, na cherehani yake.

Anasema amechoka kusubiri ofisi. Kafunga kibanda chake cha ushonaji, karudisha nyumba kwa mwenyewe, kaja tuishi pamoja hukuhuku. Kauliza vyumba viwili nilivyotafuta viko wapi. Vyumba gani? Akasema vile alivyoniandikia kwenye barua pepe ya kazini mwezi uliopita, maana mimi mwenyewe ndiye niliyemkataza kueleza mambo marefu kwenye simu. Na nilimjibu! Akanionyesha. Nimeisoma kwa makini na ninaifanyia kazi.

Nikamwambia vyumba vinapakwa rangi.

Sasa ni mchana, wote watatu wamelala kitandani kwangu, wamechoka na safari. Mimi nimekaa juu ya cherehani. Nina furaha hata kifua kinauma, na sijamwambia kwamba juzi nimekubali kuhamia kule alikotoka.

Jumatatu, 11 Machi

Mapema kabisa nimemwandikia Mama wa Utumishi kwamba naomba uhamisho ufutwe. Nadhifu kaisoma kutoka begani kwangu, akaketi sakafuni. Akaomba ruhusa ya ugonjwa, akaondoka bila kuzima kompyuta yake.

Nimejifunza mengi wiki hii. Kosa langu lilikuwa moja tu: rangi. Nimegundua kila barua unaweza kuipa rangi! Nyekundu ni za kusoma kwanza, buluu za baadaye, kijani za kabati. Nimeanzia chini. Kazi inapendeza, hata chai nimeisahau.

Saa nne jibu la Utumishi limeingia, limekaa juu kabisa kwa maandishi mazito, kichwa chake "Haraka: jibu kabla ya saa sita". Nimelipaka nyekundu palepale. Zimebaki 11,840. Kesho nikimaliza kuzipaka rangi zote, hilo ndilo nitakalolisoma kwanza.