Mti Wangu Utachanua Jumapili

Jumapili ya Matawi, 25 Machi

Siku kubwa! Mama ametangaza. Alimaliza keki, akafuta mdomo, akasema mwaka huu anayatoa mayai ya Bibi. Yale yenyewe! Kumi na mawili, matupu, mepesi, Bibi aliyachora kwa nta na unyoya wa bata bukini. Miaka yote yametundikwa kwenye mti wa Pasaka, yaani matawi yaliyochomekwa chunguni, sebuleni kwa Mama. Sasa eti mikono inamtetemeka. Jumapili ijayo atapita kwangu, kisha kwa dada yangu Roswitha, na mti utakaompendeza ndio utakaoyapata.

Roswitha akatabasamu. Nalijua tabasamu lile. Ndilo alilolivaa siku alipoondoka na saa ya ukutani ya Baba. Safari hii hapati kitu! Nimetoka na mkasi, theluji hadi vifundoni, nikakata matawi ya kichaka chetu cha maua ya manjano. Matumba yote yamefunga. Yatafunguka tu.

Jumatatu, 26 Machi

Hayajafunguka. Na mti bila maua ni kuni! Nimeyalaza matawi kwenye beseni la kuogea, maji ya uvuguvugu. Mke wangu Gundula alitaka kuoga. Nikamwambia avumilie, haya ni mambo ya ukoo. Akauliza kwani ukoo wetu hauogi.

Jioni nimeandaa mayai yangu ya kupambia, ishirini na manne. Toboa huku, toboa huku, puliza, ute bakulini. Kizunguzungu! Mashavu yanawaka. Chakula cha usiku: mayai ya kukaanga.

Jumanne, 27 Machi

Nimekwenda kwa Roswitha kuomba sukari. Sukari tunayo. Mti wake uko dirishani, kwenye chungu cha udongo, na matumba yake yamefunga kuliko yangu! Nikamuuliza anayafanyia nini. Eti hafanyi chochote, anabadilisha maji tu. Mwongo mkubwa! Nimerudi mbio, nikausogeza mti wangu kwenye kipasha joto, nikachukua mashine ya Gundula ya kukaushia nywele. Kila tawi dakika kumi.

Mayai ya kukaanga tena. Gundula amesukuma sahani kando.

Alhamisi, 29 Machi

YAMECHANUA! Yote! Sebule nzima manjano tupu! Nimecheza peke yangu kuzunguka meza. Gundula akaja, akatazama, akaniuliza leo ni siku gani.

Alhamisi.

Nikakaa chini. Kisha nimeushusha mti ghalani, kando ya viazi, kwenye baridi, ungoje Jumapili. Gundula amekwenda kula kwa jirani.

Ijumaa Kuu, 30 Machi

Maua yanadondoka juu ya viazi. Nimejaribu gundi. Ua moja limeshika, ila limeshika kidole changu.

Jumamosi, 31 Machi

Upara! Yamebaki maua matatu. Nilikuwa karibu kulia, kweli. Halafu nikakumbuka: saa nne asubuhi Roswitha yuko kanisani, anapamba na akina mama wenzake. Na ufunguo wake ninao, huwa namwagilia maua yake akisafiri.

Dakika sita tu! Matawi yake, matumba yamenona tayari kupasuka, nimeyatia guniani. Yangu nimeyachomeka kwenye chungu chake, nikamrudishia na vipambo vyake vyote juu yake. Mimi si mtu mbaya.

Jumapili ya Pasaka, 1 Aprili

Saa moja asubuhi: yamechanua! Mama amefika, kashika fimbo mkono mmoja na kasha la mayai mkono wa pili. Akasema maua mazuri, tena mengi. Akauliza mayai yangu yako wapi. Nimetundika ishirini na manne na hakuna hata moja lililoonekana!

Tukaenda wote kwa Roswitha. Macho yamemvimba. Akamwomba Mama radhi, eti jana alirudi kutoka kanisani akakuta matumba yamepukutika, hajui amerogwa au vipi. Nilijiuma midomo nisicheke. Mama akausogelea mti. Akatoa leso! Eti hivi hivi ndivyo Bibi alivyofanya, matawi matupu, kwa sababu kazi ya mti ni kubeba mayai, si kuyaficha. Akafungua kasha, akaanza kutundika. La kwanza. La pili. Nilivumilia hadi la tisa, nikapiga kelele kwamba matawi yale ni yangu!

Roswitha akauliza yamefikaje nyumbani kwake.

Swali hilo sikuwa nimelifikiria.

Mama alicheka hadi akatafuta kiti. Gundula hakucheka. Hukumu: chungu ni cha Roswitha, matawi ni ya Lothar, yaani mimi, basi mayai yakae kwa Roswitha mwaka mmoja, na mwakani, Mungu akipenda, Mama atatazama tena. Roswitha amenipokonya ufunguo mbele ya wote, akaniita mwizi wa vijiti. Mwizi! Mtu na ndugu yake!

Jumatatu ya Pasaka, 2 Aprili

Nina furaha isiyo kifani. Siri sasa ninayo: matawi matupu! Tangu alfajiri nimekikata kichaka chetu chote hadi chini, mwakani kisithubutu kutoa hata ua moja. Gundula alinitazama kutoka dirishani, mkono kichwani.

Saa tisa Mama akapiga simu. Amefikiri usiku kucha. Mayai yale yalionekana mapweke mno. Mwakani angependa maua kidogo.

Si kitu. Kichaka cha Roswitha ni kikubwa, mwakani atajaza chungu chake tena, na ufunguo alionipokonya ni mmoja. Nilikuwa nimechongesha mbili.