Uhuru, Kiti cha Mzee Ignas na Jogoo wa Mama Wema

Jumapili, 4 Agosti

Kwa masikitiko makubwa, na kwa furaha ambayo si adabu kuionyesha, wakazi wote wa Kagongwa na vitongoji vyake wanatangaziwa kwamba kiti cha Mzee Ignas kiko wazi. Mzee hajafa. Amehamia Chato kwa binti yake, anakula samaki. Kiti kimebaki.

Kiti chenyewe ni cha mbao na kina mgongo. Mguu mmoja umefungwa mpira wa baiskeli, kazi ya mikono yangu. Kinakaa kijiweni kwa Vumilia, muuza chai, jirani na mashine ya kukoboa mpunga. Sisi wengine tunakaa kwenye gogo. Sheria ya kijiwe ni moja tu: aliyekaa kitini hakatizwi. Wa kwenye gogo anakatizwa na yeyote, hata na mtu anayepita na baiskeli.

Nimekaa gogoni miaka. Sijawahi kumaliza sentensi! Mwezi wa tano nilianza kusimulia habari ya jino langu. Mpaka leo hawajui kama niling'oa.

Nakitaka kiti kile.

Jumatatu, 5 Agosti

Habari mbaya. Deusdedit naye anakitaka.

Huyu alikuwa dereva wa malori. Amefika Bujumbura, Lubumbashi, Lusaka, na kila akitaja mji anafumba macho. Mimi ni fundi baiskeli. Mbali kabisa nimefika Nkome kununua dagaa, nikatapika ndani ya mtumbwi ambao bado ulikuwa umefungwa ufukweni.

Leo redio ya Vumilia ilisema kuna watu huko duniani kazi yao ni kupima uhuru wa kila nchi, kisha wanazipanga kama timu za ligi. Gogo likalipuka. Uhuru unapimwa kwa kitu gani, debe? Mwigulu, ambaye ni mfugaji, akasema uhuru ni ng'ombe kupita. Paskazia, anayeuza michembe, vile vipande vya viazi vilivyokaushwa, akasema uhuru ni kufika sokoni bila kijiji kizima kukuuliza unakwenda wapi. Deusdedit akafumba macho. Akasema yeye nchi zote amezipima kwa kipimo kimoja: je, dereva anaweza kusimamisha lori akaingia kichakani kuchimba dawa bila mtu kuja kumuuliza kulikoni? Kwa kipimo hicho Zambia inaongoza. Vichaka vingi, maswali hakuna. Rwanda, akasema, alijibana kutoka mpaka hadi mpaka, kwa jinsi kulivyo safi aliona haya.

Wakanigeukia mimi. Sikuwa na nchi. Nikasema Uswisi! Sijui imetoka wapi. Nadhani ni ile kalenda ya nyumbani. Wakataka kujua Tanzania tuko nafasi ya ngapi. Nikasema tuko katikati ya msimamo, hatushuki daraja. Nilipotaka kufafanua, nikakatizwa.

Vumilia akachoka na kelele. Akasema kiti kitaamuliwa siku ya Nane Nane, kwa mada hiyohiyo, nchi ipi ina uhuru kuzidi nyingine. Na kitaamuliwa kwa utaratibu wa ngoma, kama Bagika na Bagalu, vile vyama vya ngoma vya Wasukuma: pande mbili zinacheza kwa pamoja, uwanja mmoja, na watu wanakwenda wanakovutwa. Jaji hakuna. Mimi na Deusdedit tutahutubia wakati mmoja, huyu huku na huyu kule, na yeye Vumilia akigonga sufuria, mwenye watu wengi ndiye mwenye kiti.

Nikawahi kuchagua upande wa mashine, kwenye kivuli. Deusdedit akabaki na upande wa maturubai ya kuanikia mpunga, juani. Mjinga!

Jumanne, 6 Agosti

Nimepeleka kalenda kijiweni kuonja upepo. Picha ya Agosti: ng'ombe wa Uswisi, mnene, majani mpaka kwenye magoti, mlima nyuma. Nikawaambia waangalie sura ya mnyama aliye huru.

Mwigulu akaitazama kalenda kwa muda mrefu, kama anayetaka kununua. Kisha akauliza ule uzio nyuma ya ng'ombe ni wa nini.

Sikuwa nimeuona ule uzio.

Akauliza tena kama nimefika Uswisi. Nikasema karibu. Gogo likacheka hadi likabiringika, na Klara, dada yake Vumilia, akamwaga chai.

Nikarudi nyumbani nikiwaza. Babu yangu alicheza ngoma upande wa Bagalu. Watu hawakuwa wanamfuata kwa sababu ya sauti yake, ambayo ilikuwa kama yangu. Walimfuata kwa sababu alikuwa anacheza na nungunungu. Ngoma haishindwi kwa mdomo. Inashindwa kwa kioja!

Sina nungunungu. Lakini mke wangu ana jogoo.

Jumatano, 7 Agosti

Jogoo anaitwa Meneja, kwa sababu anazungukazunguka tu akikagua kazi za wengine. Mke wangu Serafina, Mama Wema, anampenda kuliko ndugu zangu wote, na hapo sijamwonea.

Nikampa mpango. Nitahutubia nimemshika Meneja, amefungwa kamba mguuni. Hotuba ikifika kileleni, naikata kamba. Meneja anabaki amesimama miguuni pangu, huru, kifua mbele. Watu wanatokwa machozi.

Serafina akasema yaya, na yaya ya Kisukuma ni hapana isiyo na rufaa. Akauliza uhuru gani huo unaoanza kwa kumfunga jogoo wa watu. Nikamwapia kwamba Meneja atakuwa mgeni rasmi. Akakubali kwa sharti moja, kwamba naye atakuwepo, amlinde.

Mazoezi yamefanyika uani jioni hii. Nimekata kamba, Meneja amesimama palepale. Ametulia kama askari! Serafina akasema ni kwa sababu ametoka kula. Wivu tu.

Alhamisi, 8 Agosti. Nane Nane

Kamba ya jogoo ilikatika. Bahati mbaya. Kiti kimechukuliwa na Deusdedit. Sina zaidi.

Ijumaa, 9 Agosti

Haya. Nimeiona tena sentensi ya jana na imenitia aibu, maana hapa najidanganya mwenyewe na wala si mtu mwingine. Kamba haikukatika. Ilikuwa hivi.

Nilianza na Uswisi, na nilikuwa na msikilizaji mmoja, Serafina, ambaye hakuwa ananisikiliza, alikuwa anamwangalia Meneja kwapani mwangu. Umati wote ulikuwa kwa Deusdedit, kwenye vichaka vya Zambia. Vicheko vilinifikia mimi huku. Nikasahau mji mkuu wa Uswisi. Nikasahau pia nilichotaka kusema juu ya ule mji mkuu.

Basi nikapandwa na hasira, nikasema yangu. Nikasema asubuhi hii nimetoka nyumbani na jogoo kwapani, na kutoka mlangoni kwangu hadi hapa nimeulizwa naenda wapi na mama yake Klara, na mchungaji, na watu wawili wa kwenye pikipiki ambao ilibidi wageuze ili waniulize vizuri. Nimeulizwa hata na mtu aliyekuwa chooni! Alinichungulia juu ya ukuta! Akataka kujua kama jogoo anauzwa au anaumwa.

Paskazia alikuwa wa kwanza kuja. Akasimama mbele yangu na beseni lake la michembe, anajipigapiga paja. Nikaendelea. Nikasema naamini Uswisi mtu anaweza kubeba jogoo kutoka mwanzo wa nchi hadi mwisho na asiulizwe hata na polisi, na huo ni uhuru, sikatai. Lakini je, akitumbukia mtaroni na jogoo wake, nani atajua alikuwa anaelekea wapi? Mimi nikipotea leo, Kagongwa nzima itaonyesha njia, hadi yule wa chooni!

Wakaja. Mwigulu akaja. Klara akaja na birika. Shemeji yake Deusdedit akavuka akijifanya anatafuta mtu. Deusdedit mwenyewe akanyamaza, akafumbua macho, akawa ananisikiliza kutoka kule juani. Hakuna aliyenikatiza. Nilikuwa katikati ya sentensi na niliuona mwisho wake, kama mtu anavyoliona paa la nyumba yake kwa mbali.

Ndipo nikakumbuka kwamba nimeandaa jogoo. Kumwacha hivihivi niliona ni hasara.

Nikasema kwa sauti kuu, "Na sasa utazameni uhuru!" Nikaikata kamba kwa koleo langu la kazi. Mimi mwenyewe, kwa mkono huu.

Meneja akanitazama. Akawatazama wananchi. Kisha akauona mpunga wa watu, maturubai kwa maturubai, upande wa Deusdedit.

Alikwenda bila kuaga. Serafina nyuma yake, kanga mkononi. Na Kagongwa hakuna anayemwona mwanamke anamkimbiza kuku akabaki amesimama, haijawahi kutokea. Wakaenda wote! Paskazia na beseni, Klara na birika, Mwigulu anazuia kwa fimbo upande wa kisima. Deusdedit akainama, akamdaka Meneja miguu, akamwinua juu akiwa amezungukwa na umati wote wa Kagongwa, na papo hapo Vumilia akagonga sufuria.

Deusdedit akasema hata jogoo wangu amehamia Zambia.

Upande wangu ilibaki mashine. Nayo ilikuwa imezimwa.

Asubuhi ya leo nimekwenda kijiweni kama kawaida. Deusdedit kitini. Nikawaamkia kwa Kisukuma, mwangaluka, wakaitikia wote, wengine wakiwa bado wanafuta machozi ya jana. Vumilia akanipa chai, akaniambia kwa upole, "Baba Wema, jana hakuna aliyekukatiza. Umejikatiza mwenyewe." Nimeyafikiria sana maneno yale. Ni ya kweli. Kuna somo hapo, na nimelipata: jogoo ana mbio mno.

Deusdedit si mtu mbaya. Amekubali turudiane Krismasi. Kisha, kwa ukubwa wa kiti, akanyoosha mkono gogo zima likanyamaza, akasema Maduhu, ndiyo mimi, sasa amalizie ile habari ya jino. Wakanyamaza kweli. Mwigulu akaweka kikombe chini. Walikuwa wananisubiri mimi.

Nikawaambia wanivumilie kidogo, kuna jambo nalipanga kichwani. Serafina ana bata, mweupe, mzito, anatembea kama anahesabu hatua. Yule hata ukimkata kamba, atakwenda wapi?