Maharage Yaliyoidhinishwa

Taifa lifurahi: Kamati ya Utii Majini imekutana, na mimi, katibu wake, nilipewa kiti chenye magurudumu.

Tulikutana ndani ya manowari yenyewe, pale gatini, kuamua kama mabaharia waasi wafungwe maisha, au wafungwe maisha na kazi ngumu. Kosa lao lilikuwa wazi. Walimwaga baharini maharage yenye fukusi, wakamfungia nahodha wao chumbani, kisha wakawa wanamgongea mlango kumwuliza kama anataka chai.

Cha ajabu, aliyekuja kuwaombea ni nahodha huyo huyo.

"Waheshimiwa, vijana wangu walikuwa na njaa tu," alisema, kofia mkononi, akiwaonyesha mabaharia waliopangwa ukutani. "Wana wake, wana wazazi. Wasameheni. Kama lazima mtu afungwe, nifungeni mimi. Nimeshazoea."

Mwenyekiti alitabasamu kadiri cheo kinavyomruhusu. "Maharage yale yaliidhinishwa na nani?"

"Na wewe, Mheshimiwa."

"Basi yalikuwa mazuri. Katibu, soma kifungu."

Nilisimama. Kifungu hicho nilikitunga mwenyewe, na nakipenda kama mwanangu. "Watu watatu au zaidi wakikataa kwa pamoja chakula kilichoidhinishwa, huo ni uasi. Sababu isiulizwe."

Nahodha akashusha pumzi. "Sawa. Lakini kuna kifungu kingine. Kamati ikikaa melini, hula chakula cha meli."

Kweli kipo. Tulikitunga ili tuonekane watu wa watu, na hakuna aliyewahi kukitumia.

Mpishi akaingia na sufuria. Yalikuwa maharage yale yale, kutoka magunia yaliyosalia, na fukusi wakielea juu bila haraka. Mwenyekiti akasukuma sahani yake. Wajumbe wawili wakasukuma zao kwa mshikamano. Nami nikasukuma yangu kwa nidhamu, maana katibu hatangulii bosi.

"Mmefika wanne, mabosi," mpishi akasema.

Mwenyekiti akatokwa na jasho. "Nahodha, ndugu yangu, yale maombi yako hebu yarudie. Polepole. Tuwemo na sisi."

"Vijana wangu kwanza, Mheshimiwa. Ninyi mtasubiri zamu yenu."

Mwenyekiti akatia saini msamaha wa mabaharia. Nahodha akavaa kofia, akatoka na vijana wake na mpishi, akafunga mlango kwa nje.

Tungali humu na sufuria yetu. Mpaka sasa hakuna aliyegonga kuuliza kama tunataka chai.