Difu Kwenye Kichanja cha Kahawa

Leo nimefedheheka, tena kwa utaratibu. Ningefedheheka kwa uzembe ningekubali. Lakini mimi nilifuata kila hatua.

Nieleze tangu mwanzo, maana video inayozunguka kwenye makundi ya Mbinga imeanzia katikati, na mtu anayeona katikati tu anaweza kudhani mimi ni mjinga. (Mkimaliza kusoma mtaamua wenyewe.)

Mimi ni mtunza maabara wa shule ya sekondari ya wasichana hapa Mbinga. Ufundi sikuusomea popote. Nimejifunza kwa vitabu, jioni, peke yangu, na kwa kufungua vitu ambavyo mke wangu angependa vibaki vimefungwa. Hata hivyo wanafunzi huniita Mwalimu, na nilipoanzisha Klabu ya Magari walikuja wengi kuliko nilivyotarajia. Gari tulipewa na parokia: pikapu kuukuu iliyokuwa imelala nyuma ya jiko la mapadre tangu wanafunzi wangu hawajazaliwa. Kuku walikuwa wanatagia kwenye kiti cha dereva. (Kiti tumekiosha. Harufu imekataa kuhama.)

Padre alilitoa kwa sharti. Gari likifika kwenye geti la parokia kwa nguvu yake lenyewe, bila kusukumwa wala kuvutwa, linakuwa mali ya klabu. Lisipofika, linachukuliwa na mnunuzi wa chuma chakavu, na banda letu la ufundi linarudi kuwa ghala la mahindi ya shule. Siku ya kulipima ilikuwa leo, mwisho kengele ya mchana ya parokia.

Asubuhi mwenyekiti wa klabu, Fotunata, binti wa wakulima wa kahawa kutoka Ruanda ya hapa hapa Mbinga, alinifuata akaniuliza kama nina wasiwasi. Nikamjibu kwamba wasiwasi ni wa watu wasio na utaratibu. (Sentensi hiyo anaikumbuka mpaka sasa. Ameirudia mara kadhaa.)

Utaratibu wenyewe ulikuwa huu. Banda letu zamani lilikuwa la kahawa, na nje yake vimebaki vichanja vya kuanikia. Kila kipande tulichokifungua tulikiosha kwa mafuta ya taa, kisha nikakilaza juu ya kichanja vilevile kilivyokaa kwenye gari. Upande wa mbele ukatazama mlimani, wa nyuma ukatazama barabarani, na juu ikabaki juu. Wasichana walitaka tuweke alama za chaki. Nikakataa. Nikawaambia mpangilio mzuri unajieleza wenyewe. Siku ya kufunga nilichukua kila kipande kilivyolala, nikakirudisha kilivyolala. Difu, lile tumba la chuma katikati ya ekseli ya nyuma linalopeleka nguvu ya injini kwenye magurudumu, niliifunga kwa mikono yangu mwenyewe.

Jana tuliwasha injini. Gari lilikuwa juu ya mawe, magurudumu ya nyuma hewani. Nikatia gia ya kwanza, magurudumu yakazunguka. Wasichana wakakumbatiana, mmoja akalia, na mimi nikavua miwani nikaifuta bila sababu. Sote tuliona yanazunguka. Hakuna aliyeuliza yanazunguka kwenda wapi.

Kuna jambo jingine dogo. Gia ya rivasi imechakaa, ukiitia inaruka. Niliamua isubiri. Nani anakwenda parokiani kinyumenyume?

Basi leo uwanja wa shule ulijaa. Wanafunzi wote, wazazi, na waendesha bodaboda ambao hakuna aliyewaalika. Mnunuzi wa chuma, Mzee Salehe, mfanyabiashara wa Songea mwenye asili ya Kilwa, alikuja na lori. Alikuwa na mzigo mwingine wa kuchukua Kitai, kwa hiyo hakutaka kupoteza muda. Alilisogeza lori lake nyuma ya pikapu yetu, akashusha mlango wa nyuma, akaegesha mbao mbili nene za kupandishia. Nikamwambia, kwa heshima, kwamba anajisumbua. Akanijibu, kwa heshima zaidi, kwamba atasubiri.

Nilivaa tai. Nilitoa hotuba kuhusu utaratibu. (Hotuba nzima imo kwenye video. Nimeambiwa watu wanairuka.) Kisha nikaingia garini, na Sista Mkuu, mkuu wetu wa shule, akaketi pembeni yangu, mkoba magotini. Mbele yetu geti lilikuwa wazi na bendi ya shule imejipanga kandokando ya njia.

Klachi. Gia ya kwanza. Nikaachia polepole.

Gari likarudi nyuma.

Sasa, uwanja wetu una mwinuko kidogo. Na kitabu kinasema wazi: gari likirudi nyuma kwenye mwinuko, usitaharuki, ongeza mafuta. Sikutaharuki. Niliongeza mafuta. Likarudi nyuma kwa kasi zaidi. Nikaongeza tena, kwa utulivu ambao hata sasa nausifu. Nikasikia mbao zikilalamika chini yetu. Kwenye kioo cha mbele bendi ikawa ndogo, halafu ikaanza kushuka. Bendi haikuwa inashuka. Sisi ndio tulikuwa tunapanda.

Kishindo. Injini ikazima.

Tulikuwa juu ya lori la chuma chakavu. Tumenyooka vizuri kabisa, katikati. Mtu angekusudia asingeweza.

Sista Mkuu aliweka sawa mkoba wake, akautazama uwanja kutoka juu.

"Mwalimu, na hii ipo kwenye ratiba?"

"Haipo, Sista."

Mzee Salehe akatuzunguka, mikono mgongoni, kama mtu anayekagua ng'ombe mnadani. Alisema kwamba tangu aanze biashara hii hajawahi kuona chuma kikijipakia chenyewe. Kisha akainua uso kwangu.

"Ningejua, Mwalimu wangu, ningebaki nyumbani. Ungeniletea."

Uwanja mzima ukapasuka kwa kicheko. Walicheka wazazi, bendi, na mpishi wa shule, ambaye sikuwahi kuyaona meno yake. Wasichana wa klabu peke yao hawakucheka, kwa sababu Mzee Salehe alikuwa tayari ametoa kamba na ameanza kulifunga gari.

Fotunata akapanda kwenye ubao mpaka alipokuwa yeye.

"Shikamoo, babu."

"Marahaba, mjukuu wangu."

"Tulipatana unalichukua likishindwa kwenda. Hili limeshindwa kwenda?"

Mzee Salehe akafikiri. Ni mtu wa haki. Akakiri kwamba kwenda, limekwenda. Akafungua kamba, lakini hakuikunja. Alisema atatufuata na lori taratibu, maana litazimika kabla hatujapita soko.

Tulishuka kwa mteremko wa mbao tu, bila gia. Pale chini nikafanya nilichopaswa kufanya jana. Gia ya kwanza, nyuma. Ya pili, nyuma. Ya tatu, nyuma. (Ya nne sikuijaribu, nina familia.) Rivasi, ambayo sasa ndiyo ilikuwa ya kwenda mbele, ikashika kidogo, ikaruka. Nikaelewa. Difu imefungwa kichwa chini, hivyo kila ninachoiambia injini, magurudumu yanaambiwa kinyume chake.

Sista Mkuu akauliza ni nani aliyeifunga. Nikasema ni mimi. Akauliza ilikuwaje. Nikasema haiwezekani, kwa sababu niliifunga kama ilivyolala. Akasema kengele ya mchana haisubiri iwezekane.

Ilibaki njia moja ya kufika parokiani.

Nikakata usukani mpaka mkia wa gari ukaelekea getini. Wasichana wa klabu wakapanda kwenye bodi ya nyuma, ambayo kuanzia hapo ndiyo ilikuwa mbele, wakaniziba kioo chote. Fotunata akawa macho yangu. Nikamshauri Sista Mkuu ashuke. Akasema ameshapanda lori la chuma chakavu mbele ya wazazi, sasa aogope nini tena?

Tukaondoka.

Bendi ilipangwa itufuate, na ikatufuata. Kwa hiyo njia nzima wapiga ngoma walikuwa wananitazama usoni, nami nawatazama, na hakuna aliyejua aweke wapi macho. Nyuma yao lilikuja lori. Mzee Salehe na mimi tulitazamana kioo kwa kioo kutoka shuleni mpaka parokiani. Alikuwa anakula karanga. Kila mara aliinua mkono kunikaribisha.

Pale sokoni watu waliacha biashara. Mama mmoja muuza ndizi alifanya ishara ya msalaba. Mimi nilijitahidi kusalimia, kwa sababu adabu ni adabu, lakini kila niliyemwona nilikuwa nimeshampita, na yeye alikuwa ameshaniona kisogo. Kijana wa bodaboda akaja sambamba na dirisha langu.

"Mwalimu, mbona unarudi kabla hujafika?"

Fotunata alikuwa anapiga kelele nikate kushoto. Nikakata. Akapiga kelele zaidi kwamba ni kushoto kwao wanaoona njia, si kwangu. Mwenye meza ya nyanya aliivuta meza yake mwenyewe, namshukuru.

Kisha ukaja mlima wa parokia.

Katikati ya mlima gari likaanza kukohoa. Moshi ukatoka chini ya boneti, ukatanda kati yangu na bendi. Kila moshi ulipopungua nilimwona Mzee Salehe: ameacha karanga, kamba iko begani. Wasichana, waliokuwa wanaimba tangu shuleni, wakaacha. Nikasikia kiganja kinapiga bati la bodi, polepole, na sauti ya Fotunata inaliambia gari, "Twende mama. Twende mama." Sista Mkuu alikuwa ametoa rozari. Sikuwa na kitabu kinachoeleza la kufanya. Nilikanyaga mafuta nikabaki hivyo.

Likapanda. Kengele ilianza kulia wakati mkia wetu unaingia getini.

Padre alikuwa amesimama hapo na maji ya baraka, amejiandaa kubariki boneti. Ikamjia bodi iliyojaa wasichana wanaolia na kucheka. Akabariki kilichofika. Kisha akaja mpaka dirishani kwangu.

"Nilisema lifike," akasema. "Sikusema litazame wapi. Ni lenu."

Vigelegele! Mzee Salehe alikunja kamba yake, akanipa mkono, akasema kama difu ikinishinda nisimtafute fundi, nimtafute yeye. Ningependa sana kisa kiishie hapa.

Lakini Padre ni mtu wa kutaka kujua. Akauliza difu iligeukaje. Nikamweleza mbele ya watu wote, kwa sauti ya kitaalamu, kwamba jambo hili halina maelezo. Niliilaza juu ya kichanja juu ikiwa juu. Niliichukua ilivyolala. Huenda hata kiwandani walikosea.

"Lakini Mwalimu," Fotunata akasema, "si tuliigeuza?"

"Mligeuza nini?"

"Difu. Ilikuwa kichanjani. Vitu vya kichanjani si vinageuzwa, vikauke pande zote?"

Walikuwa na zamu. Kila mchana wasichana wangu walipita kwenye vichanja na kugeuza kila kipande, kwa uaminifu, kama walivyolelewa kugeuza kahawa nyumbani kwao. Hawakuniambia kwa sababu hawakuona kama kuna la kusema. Vipande vidogo havikudhurika, vingi havina juu wala chini. Difu, kwa uzito wake, waliigeuza mara moja tu. Walisaidiana.

Nikamgeukia Padre nipate wa kunielewa. Padre amezaliwa kwenye shamba la kahawa.

"Sasa Mwalimu," akasema kwa upole, "kitu kiko kichanjani, kisigeuzwe?"

Sista Mkuu akatikisa kichwa kunisikitikia. Mzee Salehe, mtu wa Kilwa, mnunua vyuma, akasema hata yeye angepita pale angeigeuza. Waendesha bodaboda wakakubaliana naye. Nilikuwa peke yangu Mbinga nzima.

Nikabaki na utetezi mmoja. Nikasema jamani, mimi si mtu wa kahawa. Mimi ni mtu wa ziwani, nimezaliwa Chiwanda, kwetu tunaanika usipa, dagaa wetu.

Fotunata akauliza, kwa heshima zote, "Na usipa hamgeuzi?"

Mtu mmoja alinyanyua simu yake juu zaidi.

"Tunageuza," nikasema.

Kesho tunaifungua difu upya. Itawekwa sakafuni, na wasichana wameshanunua chaki. Kwenu nina ombi moja tu: mkinikuta mjini, nisalimieni kama mtu wa kawaida. Jioni hii nimekwenda kununua ndizi, na yule mama amenipa mgongo, akaja kunihudumia kinyumenyume.